Haki ya Migongoni: Historia ya Hukumu katika Obusinga bwa Rwenzururu

Obusinga bwa Rwenzururu, yaani ufalme wa Wakonzo waishio kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, tangu Bwera iliyo jirani na mpaka wa Kongo hadi Kasese na viunga vya Hima, ni miongoni mwa falme changa kabisa za Afrika Mashariki, kwa kuwa ulitangazwa mwaka 1962. Lakini taratibu za kuamua kesi ambazo ufalme huo ulizirithi ni za kale kuliko kiti chenyewe cha mfalme. Jambo hili linastahili kutangulizwa, kwa sababu historia ya Rwenzururu imezoeleka kusimuliwa kama habari ya vita, kodi na mipaka ya wilaya, huku upande wa mahakama ukipitwa kwa maneno machache, ilhali swali la nani ahukumu, kwa lugha gani na kwa kufuata desturi ya nani, lilikuwa katika kiini cha ugomvi uliouzaa ufalme huo.

Mfumo wa kale wa haki wa Wakonzo hauwezi kueleweka bila kuielewa ardhi. Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109 na ambayo kwa karne nyingi imehusishwa na Milima ya Mwezi ya wanajiografia wa kale, haikuwapa wakazi wake uwanda mmoja mpana ambao mtawala mmoja angeweza kuuzungukia na kuukusanyia ushuru. Mito ya Mubuku, Sebwe, Nyamwamba, Nyamugasani na Lhubiriha hushuka kwa kasi kutoka juu na kuikata miteremko, na baina ya bonde moja na jingine hubaki mgongo mrefu wa mlima, ambao kwa Lhukonzo, lugha ya Wakonzo, huitwa obulhambo. Mgongo huo ndio uliokuwa nchi. Watu wake walilima mteremko mmoja, walichota maji katika mito ileile miwili iliyopakana nao, na walimtambua mkuu mmoja aliyeitwa omukulhu w'obulhambo, yaani mkuu wa mgongo, ambaye cheo chake kilirithiwa ndani ya ukoo uliohesabiwa kuwa na haki ya kwanza juu ya ardhi hiyo.

Mkuu wa mgongo hakuwa mfalme mdogo, na ni kosa kumfikiria hivyo. Hakuwa na askari wala gereza, na mamlaka yake yalitokana na kazi tatu ambazo watu wa milimani hawakuzitenganisha: kufungua msimu wa kupanda kwa tambiko, kulinda mipaka ya mashamba, na kupatanisha waliogombana. Mtu aliyepewa shamba katika mgongo huo alimpelekea zawadi ya heshima kutoka katika mavuno au mifugo, iliyoitwa engemu, ambayo jina lake linajulikana pia ng'ambo ya mpaka kwa Wanande wa Beni na Lubero, ndugu wa damu na wa lugha wa Wakonzo. Engemu ilikuwa kodi na pia ushahidi: aliyeitoa mwaka baada ya mwaka mbele ya majirani alikuwa amejiwekea rekodi ya haki yake ya kulima, na katika nchi isiyokuwa na hati wala ramani, kumbukumbu hiyo ya hadharani ndiyo iliyoamua kesi nyingi za ardhi.

Mahali pa kuhukumia palikuwa ekyaghanda, nyumba au kibanda cha baraza ambapo wanaume wa ukoo waliketi kuzunguka moto, wakafundisha vijana, wakapokea wageni na kusikiliza mashauri. Shauri lilianzia chini kwenda juu. Ugomvi wa mume na mke au wa ndugu wawili ulisikilizwa kwanza na wazee wa nyumba husika. Ukishindikana ulifika kwa wazee wa ukoo. Na ulipohusu koo mbili tofauti, au mpaka wa shamba, au damu iliyomwagika, ulipelekwa kwa mkuu wa mgongo, ambaye aliamua akiwa pamoja na wazee wenzake wala si peke yake. Wadai na wadaiwa walisema hadharani, majirani waliruhusiwa kuongeza walichokijua, na baraza lilivumilia maneno mengi ambayo mahakama ya kisasa ingeyaona kuwa nje ya shauri, kwa kuwa lengo la kikao lilikuwa kuufikia mzizi wa uadui, ambao mara nyingi ulikuwa wa zamani kuliko kosa lililoletwa siku hiyo.

Kwa sababu hiyo adhabu ilichukua sura ya fidia. Mbuzi ndiye aliyekuwa kipimo cha mali kwa watu hawa, ambao miteremko yao mikali haikufaa makundi makubwa ya ng'ombe, na kwa mbuzi walioa, walilipa madeni na kufuta makosa. Mwizi alirudisha alichoiba na kuongeza, mzinifu alimlipa mume aliyekosewa, na aliyemwaga damu hakuwa mdaiwa peke yake, kwa maana ukoo wake wote ulidaiwa na ukoo wote wa marehemu ndio uliodai. Baada ya malipo pande mbili zilikula nyama na kunywa pombe ya ndizi pamoja, na kitendo hicho hakikuwa karamu ya kupendeza macho. Kilikuwa sehemu ya hukumu, kwani aliyekula na mwenzake mbele ya mashahidi alikuwa amekubali kwamba deni limekwisha na kwamba kisasi hakina tena uhalali.

Swali hujitokeza kuhusu nguvu iliyowalazimisha watu kutii mahali pasipokuwa na polisi. Sehemu ya jibu ni hesabu ya maisha: aliyekataa uamuzi wa mgongo wake alipoteza majirani wa kumsaidia kulima, wa kumwozesha binti na wa kumzika, na akizidi kukaidi aliweza kufukuzwa ahame. Sehemu nyingine ni imani. Wakonzo walimwamini Nyamuhanga, muumba, na chini yake nguvu za mlima, akiwemo Kithasamba, bwana wa theluji, na Kalisya, mlinzi wa wanyama wa mwituni ambaye wawindaji walimheshimu kabla ya kuingia msituni. Mkuu wa mgongo alikuwa mjumbe kati ya watu na nguvu hizo, na kiapo cha uongo mbele yake kilihofiwa kuwa kingeleta ugonjwa au kuharibu mavuno ya mgongo mzima. Hofu hiyo iliwafanya majirani wote kuwa na masilahi katika ukweli wa shahidi mmoja, na ni vigumu kubuni njia yenye nguvu kuliko hiyo ya kuwafunga watu kwa maneno yao.

Hata hivyo haifai kuupamba mfumo huo kuliko ulivyokuwa. Wanawake walisemewa mara nyingi na baba, kaka au waume zao, na mjane aliyegombania shamba na shemeji zake alisimama mbele ya wanaume wa ukoo uleule uliotaka shamba hilo. Mgeni asiye na ukoo karibu alikuwa dhaifu kuliko mwenyeji. Tuhuma za uchawi na sumu ziliweza kumwangukia mtu ambaye kosa lake pekee lilikuwa upweke wake. Pamoja na kasoro hizo, mfumo ulikuwa na sifa ambayo baadaye ilikosekana kwa miongo mingi, nayo ni kwamba mwamuzi aliishi na waliohukumiwa, alisema lugha yao na angekutana nao kesho yake njiani.

Mabadiliko yalikuja kutoka uwandani. Toro, ufalme uliojitenga na Bunyoro karibu mwaka 1830 chini ya Kaboyo, ulikuwa umekaribia kufutika pale Kapteni Frederick Lugard alipomrudisha mfalme wake, Kasagama, kitini mwaka 1891, na Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 ukaufanya kuwa chombo cha utawala wa Uingereza, ukiweka chini yake pia miteremko ya Wakonzo na bonde la jirani zao Waamba, ambako amri ya Toro ilikuwa haijawahi kushika mizizi. Mwaka 1910 mpaka wa Uganda na Kongo ya Wabelgiji ulipitishwa juu ya mlima na kufuata mto Lhubiriha, ukawaacha Wanande upande mmoja na Wakonzo upande wa pili, kila kundi likiwa na sheria za dola yake. Katika muundo mpya machifu wa saza, ambayo ni sawa na kaunti, na wa gombolola, ambayo ni sehemu ya saza, walikusanya kodi, waliwaita watu kwenye kazi za barabara, na hao hao waliketi kama mahakimu. Mtu aliyeshtakiwa kwa kutolipa kodi alihukumiwa na aliyemdai kodi hiyo.

Lugha iliongeza uzito wa jambo hilo. Kitoro kilikuwa lugha ya ofisi, shule na mahakama, kwa hiyo Mkonzo aliyetoka juu mlimani alieleza shauri lake kwa ulimi wa kuazima au kupitia mdomo wa mtu mwingine, na desturi iliyofuatwa kupimia shauri lake ilikuwa ya watu wa kasri la Toro. Amri ya Kifalme ya Uingereza ya mwaka 1902, iliyoweka msingi wa mahakama za Uganda, iliruhusu sheria za wenyeji zitumike mradi zisipingane na haki na maadili kama Waingereza walivyoyaelewa, na serikali ya kikoloni iliposema wenyeji wa eneo hili ilimaanisha Toro. Wakuu wa migongo hawakufutwa kwa tangazo lolote. Hawakutajwa tu, na kutotajwa kukawa ndiyo hukumu yao. Waliendelea kupatanisha watu usiku na jioni, bila kutambuliwa na daftari lolote la serikali.

Upinzani wa kwanza mkubwa uliongozwa na watu watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, mwishoni mwa miaka ya 1910. Nyamutswa alikuwa msemaji wa mizimu, na ushirika wake na Tibamwenda, mtu wa utawala, unaonyesha jinsi mamlaka ya kale ya mlimani yalivyokataa kugawanywa kati ya dini na utawala. Walikamatwa baada ya msako mrefu na wakauawa kwa hukumu ya serikali mwaka 1921 huko Kagando, kati ya Kasese na Bwera, mahali panapojulikana leo kwa hospitali yake. Kifo chao kilikuwa na maana kubwa kwa historia ya sheria katika eneo hili, kwa kuwa kwa mara ya kwanza dola iliwaonyesha Wakonzo kwamba inaweza kutoa uhai wa mtu bila ya ukoo wake kuitwa kwenye fidia wala upatanisho, na vizazi vilivyofuata viliwakumbuka watatu hao kama watu waliokufa wakiidai haki kwa dola na si wakidaiana na jirani.

Kumbukumbu hiyo ilikusanywa upya na Isaya Mukirania, mwalimu wa shule, ambaye mwaka 1954 aliongozana na mwandishi Mwingereza Tom Stacey milimani na ambaye katika miaka hiyo alianzisha chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Chama hicho kilipanda mgongo hadi mgongo kuwahoji wazee juu ya koo, mipaka na upinzani uliokomeshwa mwaka 1921, na kazi hiyo iliyoonekana kuwa ya kitaalamu tu ilizaa madai ya kisiasa: Wakonzo na Waamba watajwe katika katiba ya Toro kama watu wenye hadhi sawa na Watoro, na iliposhindikana, wapewe wilaya yao. Wawakilishi wao walisusia Rukurato, baraza la Toro, na kutoka nje mwaka 1962. Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya wakakamatwa na kushtakiwa kwa kumtusi Omukama, mfalme wa Toro, na Mukirania, alipokuwa nje kwa dhamana, alikwea mlimani na hakurudi mahakamani. Ufalme wa Rwenzururu, uliotangazwa tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, ulianzishwa basi na mshtakiwa aliyeikataa mahakama iliyotaka kumhukumu, na hakuna tukio linaloeleza tabia ya ufalme huo vizuri kuliko hilo.

Huko juu Mukirania, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa Omusinga, yaani mfalme, alijenga serikali iliyochanganya vitu viwili. Kwa upande mmoja ilikuwa serikali ya karatasi, yenye mawaziri, machifu wa ngazi mbalimbali, kodi, barua rasmi na mahakama, kama inavyotarajiwa kwa mwalimu aliyeijua ofisi na nguvu yake. Kwa upande mwingine ilisimama juu ya migongo, kwa kuwa bila wakuu wa migongo na wazee wa koo hakuna amri ambayo ingefika kwenye nyumba zilizotawanyika mteremkoni. Kwa mara ya kwanza Mkonzo aliweza kushtaki na kujitetea kwa Lhukonzo mbele ya chombo kilichojiita serikali. Lakini miaka ya vita haikuwa rafiki wa haki: serikali ya Uganda ilitangaza hali ya hatari katika eneo hilo mwaka 1963, mapigano kati ya Wakonzo na Watoro yaliua watu wa pande zote mbili, na mahakama inayokaa karibu mno na bunduki hushindwa kutofautisha mkosaji na mpinzani. Ukweli huo haupunguzi thamani ya jaribio la Mukirania, na hauna sababu ya kufichwa.

Mukirania alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti akiwa bado kijana mdogo. Chini ya mlima mambo nayo yalibadilika. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1964 ilianza kuziunganisha mahakama za wenyeji na za serikali katika mfumo mmoja, katiba ya 1967 ilifuta falme zote ikiwemo Toro, na mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliitenga na Toro wilaya iliyokuja kuitwa Kasese, hivyo sehemu kubwa ya dai la 1962 ikatimizwa na mtawala ambaye hakuwa sehemu ya ugomvi wa awali. Mwaka 1982 Mumbere alishuka, silaha zikakabidhiwa, naye baadaye akaenda Marekani alikoishi kwa miaka mingi akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee.

Haki ya kijiji ilirudi kwa mlango mwingine. Sheria ya mwaka 1988 ilizipa kamati za upinzani, ambazo baadaye ziliitwa mabaraza ya mitaa, uwezo wa kusikiliza madeni madogo, ugomvi wa mashamba ya kimila na mashauri ya familia, na sheria ya mwaka 2006 ilizipanga upya mahakama hizo katika ngazi za kijiji, parokia na tarafa, ikitaka pia wanawake wawe miongoni mwa wajumbe. Katika vijiji vya mlimani mfumo huu ulifanana na ekyaghanda kwa mengi: kikao cha karibu, lugha ya nyumbani, fidia na kuombana radhi kutangulizwa. Tofauti kubwa ni chanzo cha mamlaka, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na anaweza kuondolewa, hali ambayo mjane aliyetajwa hapo juu angeona ni faida, ingawa chanzo hicho kinamweka pia karibu na vyama vya siasa, jambo ambalo mkuu wa mgongo hakulijua. Katiba ya 1995 katika ibara ya 126 nayo iliziagiza mahakama zote kuhimiza upatanisho, na hapo sheria ya nchi ikasogea hatua moja kuelekea mlimani.

Serikali ilipoutambua rasmi Obusinga mwaka 2008 na Mumbere akavishwa taji tarehe 19 Oktoba 2009, ufalme ulirudi ukiwa na heshima, kasri la Buhikira mjini Kasese na mabaraza yake, lakini bila mamlaka ya kuwalazimisha watu, kwani ibara ya 246 ya katiba humkataza kiongozi wa kimila kutumia madaraka ya kiserikali, na sheria ya viongozi wa kimila ya mwaka 2011 ikasisitiza hilo. Kilichobaki ni upatanisho wa hiari. Isemalhambo, cheo cha anayewaongoza wakuu wote wa migongo, kipo, na wakuu hao wanaendelea kuitwa pale mpaka wa shamba unapogombaniwa; hata mamlaka za Hifadhi ya Milima ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, zimelazimika kuzungumza nao juu ya maeneo ya matambiko yaliyo ndani ya hifadhi, kwa sababu mkulima anayeheshimu tambiko la mgongo wake huheshimu pia mpaka uliobarikiwa na mkuu huyo.

Jaribu gumu kuliko yote lilikuja Novemba 2016, majeshi ya serikali yaliposhambulia kasri la Buhikira baada ya siku ya mapigano na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mumbere alikamatwa na kufikishwa mahakamani Jinja kwa mashtaka yaliyojumuisha mauaji, ugaidi na uhaini, akaachiwa kwa dhamana mwaka uliofuata kwa sharti la kutokwenda Kasese, na mashtaka yakaondolewa Juni 2023. Akarejea nyumbani Oktoba mwaka huo. Kwa miaka karibu saba mfalme alikuwa mshtakiwa mbali na migongo yake, na mwishowe shauri lilifungwa bila hukumu ya kumtia hatiani wala ya kumsafisha. Kwa macho ya sheria iliyoandikwa jambo hilo limekwisha. Kwa kipimo cha ekyaghanda halikuanza, maana shauri hilo halikuzikutanisha familia za raia, walinzi wa kasri na polisi waliouawa ili kila upande useme, usikilizwe na ulipwe.

Hima ndiyo inayoonyesha ukomo wa haki ya migongoni kwa uwazi zaidi. Mji huu wa kiwanda cha saruji uko uwandani, kwenye barabara ya Kasese na Fort Portal, ambapo migongo inaisha na malisho ya kale ya Wasongora, wafugaji wa ng'ombe, yanaanza. Uwanda huo ulipunguzwa na hifadhi ya wanyama ya miaka ya 1950, mashamba ya serikali na viwanda, na Wasongora waliporudi kutoka Kongo mwaka 2006 baada ya kufukuzwa katika hifadhi ya Virunga, ugomvi wa wafugaji na wakulima ulifika mahali ambapo serikali ililazimika mwaka 2007 kugawa ardhi baina yao. Mkuu wa mgongo hakuweza kuamua shauri hilo, kwa kuwa mfugaji hakuwahi kumpelekea engemu wala kuketi katika ekyaghanda yake, na katika malisho hakuna bonde la mto la kuonyesha mpaka. Wasongora nao wana wazee wao, kiongozi wao wa kimila na kumbukumbu zao, ambazo kwao zina uzito uleule. Katika vitongoji vya Hima leo Mkonzo, Msongora, Mtoro na mfanyakazi aliyetoka mbali hupeleka madeni na mashauri yao ya viwanja kwa mahakama ya baraza la mtaa, na pale mwenyekiti anapowaita wazee wa kila jamii waketi pamoja naye kabla ya kuamua, kikao hicho hutumia desturi za jamii zaidi ya moja kwa wakati mmoja, jambo ambalo Mkataba wa Toro wa 1900 haukuliwazia na ambalo Mukirania, mlimani kwake, hakupata nafasi ya kulijaribu.